Mwaka Ambao Sikutoa Jibu

Mapendo alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa naosha vyombo vya jana yake. Zaidi ya miaka ishirini hakuwa amenipigia. "Assistante," akasema, na siku hizi hakuna tena mtu anayeniita hivyo, "Maman amekufa. Kilio iko kwetu, Nyalukemba, nyumba ileile." Akakata kabla sijasema pole. Nikakaa kwenye kigoda na mikono yenye povu, na niseme ukweli, aibu ilinifika kabla ya huzuni. Maana Mapendo alikuwa mwanafunzi wangu, na siku moja, kwenye korido ya taasisi yetu, aliniuliza swali juu ya mama yake ambalo sikumjibu. Swali lilikuwa fupi. Jibu lake nalo lilikuwa fupi, maneno mawili au matatu, nilikuwa nalo ulimini. Nimefundisha kemia hapa Bukavu maisha yangu yote, nimesahihisha makaratasi mpaka macho yameniisha, na hadi asubuhi ile jibu hilo moja lilikuwa halijatoka.

Watu wanaosimulia maisha yao huanza na baba na mama, kijiji na mbuzi. Mimi nitaruka hayo, nimechoka, na hayatusaidii hapa. Jueni tu kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na nane, nilikuwa assistante wa kemia, yaani msaidizi wa profesa, katika taasisi ya kufundisha walimu, mwanamke peke yangu kwenye idara, na nilikuwa hodari wa imla. Ndivyo tulivyolelewa sote: mwalimu anasimama na daftari lake lililogeuka manjano, anasoma sentensi mara mbili, darasa linaandika, na siku ya mtihani sentensi ileile inarudishwa kwake bila koma kupotea. Nilizijua asidi zote kwa majina kabla sijaona asidi hata moja. Maabara tulikuwa nayo, ndiyo: chumba chenye meza nne za saruji, bomba moja lililotoa maji siku lilizotaka lenyewe, na mirija ya kioo iliyolala ndani ya makopo ya maziwa ya unga, imeviringishwa magazeti. Funguo nilikuwa nazo mimi. Kila Ijumaa niliitoa mirija ile, nikaifuta vumbi, nikairudisha kulala.

Ndipo Prof, yule niliyekuwa msaidizi wake, akarudi. Alitoka masomoni Ulaya na sweta moja la kijivu na mambo tele kichwani. Akaleta somo jipya, kemia isiyochafua, ile ya kutengeneza kitu bila kuharibu maji, udongo na mapafu ya mtu. Akaleta na namna mpya ya kulifundisha. Imla hakuna. Wanafunzi wanajigawa vikundi, kila kikundi kinaleta tatizo la nyumbani kwao, tatizo la kweli, na muhula mzima wanalichimba: tunajua nini, hatujui nini, tumuulize nani, tupime nini. Mwalimu kazi yake ni kuuliza tu. Siku ya kwanza aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWALIMU HATOI JIBU. Mmoja nyuma akasema, "Sasa mushahara anakamata juu ya nini?" Darasa likavunjika mbavu, Prof mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilitoa kalamu nyekundu, nikaiandika sentensi ile katika daftari langu, nikapiga mstari chini yake mara mbili, kama nilivyozoea kufanya kwa kila kinachoandikwa ubaoni. Mtu alikuja kutuambia tuache kumeza maneno ya mwalimu, na mimi nikayameza ya kwake bila kutafuna. Kosa lote lilianzia pale, na imenichukua miaka kuliona.

Siku hizi hualikwa kwenye semina. Vijana wenye kalamu za rangi nne wanatukalisha katika ukumbi, soda mezani, wanatubandikia karatasi kubwa ukutani na kutueleza mbinu ileile kana kwamba imeshuka jana kutoka mbinguni. Mara moja nilinyoosha mkono nikasema, jamani, kuna siku mwalimu lazima aseme wazi, sumu ni sumu. Binti mmoja akaniambia asante kwa mchango, Maman, akauandika kwenye kikaratasi cha pinki, akakibandika pembeni kabisa, karibu na swichi ya taa. Nikanywa soda yangu. Mbinu yenyewe ni nzuri, msinielewe vibaya, nimeitumia mpaka leo na sitarudi kwenye imla. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza iligharimu nini hapa kwetu, na nani.

Basi, mwaka ule vikundi vikaleta matatizo yao. Kimoja kilileta sabuni ya majivu ya maganda ya ndizi, kingine mifuko ya plastiki inayoziba mitaro. Mapendo akasimama wa mwisho. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mwenye tabia ya kutafuna mfuniko wa Bic mpaka unapasuka. "Tatizo yetu iko mikono ya maman yangu," akasema. "Maman iko mushonaji. Tangu mwaka jana mikono inatetemeka, na hakuna mutu anajua juu ya nini. Ku hospitali walisema ni mawazo mengi. Ku maombi walisema ni batu ya familia wanamuloga. Sisi tunataka kujua kama ni kitu ndani ya nyumba." Prof akanigeukia, macho yanang'aa. Tatizo la kweli ndilo hilo alilokuwa akilitafuta. "Assistante," akasema, "kikundi hiki ni chako."

Jumamosi nikashuka Nyalukemba na Mapendo, tukikanyaga ngazi za udongo zilizolowa. Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele, pazia, na jiko nyuma ya pazia. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Mashine ya kukanyaga kwa miguu ilikaa chini ya dirisha, na gauni la arusi lilining'inia kwenye msumari, limefunikwa shuka lisipate moshi. Mama yake, Maman Feza, alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kujaza nyumba. "Karibu, mwalimu! Ukae hapa. Hapana pale, pale iko sindano!" Bibi arusi mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, anajaribu mkono wa gauni la pili, lile la kubadilisha. "Maman Feza, hii mustari inapinda," akasema. "Inapinda juu we unapinda! Simama muzuri!" Wakacheka wote wawili. Lakini mstari ulikuwa umepinda kweli, niliuona, na Maman Feza aliuona, kwa maana aliugeuza upesi akaubana na pini, na pini ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Akaiokota. Ikaanguka tena.

Nyuma ya pazia, kwenye jiko lenye kidirisha kimoja kidogo, kulikuwa na mbabula mbili, yale majiko ya makaa, zimewashwa makala. Juu ya moja, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inachemka. Mbele ya nyingine alichuchumaa Tonton Safari, mdogo wake Maman Feza, ambaye alinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Shabunda. Alishika kopo la samaki wa mkebe kwa koleo, ndani yake kidonge cha rangi ya kijivu. "Niko nasafisha, mwalimu, dakika mbili tu," akasema, na kwa kuwa hakuwa na la kuficha, akanieleza yote. Kule wanatia mercure, yaani zebaki, ili ikamate dhahabu, wanaikamua ndani ya kitambaa, kinachobaki wanakichoma, na inayofika huku bado ina mercure kidogo, ndiyo anaichoma mara ya pili. Vitambaa vya kukamulia alivipeleka kule kutoka mabaki ya dada yake, akavirudisha vichafu. "Dada anazifua, tunatumikisha tena. Hapa hatutupe kitu," akasema kwa fahari. Moshi niliouona ulikuwa wa makala. Ule mwingine hauna rangi wala harufu, unaingia ndani ya mtu na kukaa. Maman Feza akapita kati yetu ageuze sombe, na kwenye kidole chake nikaiona pete ya ndoa imepauka upande mmoja, nyeupe ya bati. Dhahabu haipauki yenyewe. Ikiguswa na zebaki ndipo inakuwa vile, nilikuwa nimekariri ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Sikuwa nimemaliza dakika tano katika nyumba ile, na nilijua mikono ile inatetemeka kwa nini.

Mapendo alisimama kando yangu, daftari wazi, ananitazama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: toeni moto huo nje, leo, sasa hivi. Na ndipo nikaiona akilini ile sentensi yenye mistari miwili myekundu. Nikamgeukia yule binti, nikamuuliza kwa sauti ya upole niliyoiga kwa Prof, "Unaona nini hapa?" Akaangalia huku na huku. "Naona jiko." "Vizuri. Andika kila unachokiona." Hayo tu ndiyo niliyosema. Kisha wakatuandalia bugali, sombe na sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwani, wakaleta maji ya kunawa, na mimi nikasema tumbo linaniuma. Kwetu kukataa chakula cha mtu nyumbani kwake ni jambo zito. "Chakula yetu iko na nini, mwalimu?" Maman Feza akauliza, anacheka, lakini alikuwa ameumia. "Tumbo, maman. Unisamehe." Nikawaacha wanakula, nikapanda ngazi zile mbiombio.

Kila Jumatano kikundi kilikutana maabara. Walitandaza karatasi kubwa juu ya meza ya saruji, wakachora mstari katikati, upande huu tunajua, upande ule hatujui. Walishuku maji ya pipa, wakayapima. Wakashuku chumvi, wakashuku sabuni, wakashuku rangi za vitambaa, wakatumia wiki mbili nzima kwenye rangi za vitambaa, na mirija yangu ya kioo kwa mara ya kwanza ikaona kazi. Mimi nikauliza. Mtajuaje? Mna ushahidi gani? Mmemuuliza nani? Prof alipita siku moja, akasimama mlangoni na hindi lake la kuchoma mkononi, akasikiliza, kisha akaniambia mbele yao, "Assistante, umekuwa bora kuliko mimi." Uso ukaniwaka. Katika idara ile hakuna aliyewahi kunisifu kwa lolote isipokuwa mwandiko. Na hapa lazima niseme yote: si sheria ya ubaoni peke yake iliyonifunga mdomo. Nilitaka wafike kwa miguu yao wenyewe, na Prof aone. Nikajiambia wiki mbili tu. Kisha nikajiambia mpaka Pasaka. Mvua ilipiga mabati, na mimi nilimuuliza Mapendo, "Maman anaendeleaje?" "Jana alijichoma na sindano mara tatu." "Uliandika saa ngapi?" Mungu wangu. Uliandika saa ngapi! Ndivyo nilivyokuwa namjibu mtoto wa mtu.

Jumatano moja niliwafungulia maabara nikaenda ofisini, na niliporudi nikawasikia kupitia ukuta wa mbao kabla sijaingia. Wenzake wawili wa Mapendo walikuwa wanabishana. "Assistante anajua. Angalia vile anafunga kinywa, sawa mutu anaficha biskuti." "Hapana, hajue kitu. Kama angejua angesema. Assistante iko mutu ya Mungu." Kisha sauti ya Mapendo: "Tuendelee." Nilisimama pale na funguo mkononi. Ningeingia tu nikasema. Mlango ulikuwa wazi, walikuwa watu wanne, sentensi ilikuwa moja. Nikakohoa ili wajue niko, nikaingia, tukaendelea na rangi za vitambaa.

Aliyelifikia jibu alikuwa Mapendo, na kalenda ya parokia. Alikuwa ameitundika jikoni kwao, na kila siku alitia alama: chai imemwagika, sindano imechoma, kijiko kimeanguka. Katika Kwaresima Tonton Safari alisafiri Shabunda, akakwama kule karibu wiki tatu, na alama kwenye kalenda zikapungua mpaka zikawa moja moja. Aliporudi nazo zikarudi. Baada ya Pasaka kikundi kiliilaza kalenda ile mezani kwangu pamoja na pete ya Maman Feza, mmoja wao akafungua kitabu kikuukuu cha maktaba palipokuwa na neno zebaki, na wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja, wanarukaruka, wanakumbatiana. Nilipiga makofi. Nilifurahi kweli, na hilo ndilo linalonichosha zaidi nikilikumbuka. Mapendo peke yake hakuruka. Alikuwa anaikunja kalenda polepole, na mimi nilidhani ni uchovu.

Wiki ileile, walipowasilisha kazi yao, ukumbi ulijaa. Walieleza mvuke, vitambaa, kufua, pete. Walichora chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba lililopinda linaloingia kwenye maji, ili mvuke unaswe usiingie kwa mtu, nacho kikae nje, mbali na jiko. Walieleza hata jinsi ya kuosha dhahabu kwa maji na mteremko bila zebaki kabisa. Tonton Safari alikuja amevaa koti. Prof alipouliza kama kuna mwenye neno, akasimama, kofia mkononi. "Mimi sikujua," akasema. "Naapa mbele ya Mungu. Kama mutu angeniambia siku ya kwanza, ningetoa ile moto siku ya kwanza." Watu wakampigia makofi. Nilishika meza kwa mikono miwili.

Kwenye korido, watu wakiwa wanatoka, Mapendo akanivuta kando. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo sikuiona. "Assistante," akasema, "wewe ulijua tangu siku gani?" Nikafungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Lakini miezi mitano nilikuwa nimeuzoeza ulimi wangu jambo moja tu, na ulimi ukafanya kazi yake. "Wewe," nikamuuliza, "unafikiri ni siku gani?" Akaitikia kwa kichwa, akaniambia aksanti, akaenda kumpokea mjomba wake kwenye ngazi.

Siku ileile nilibisha ofisini kwa Prof nikamweleza. Chai yake ilipoa mbele yake. "Nani alikuambia unyamaze mbele ya sumu?" akauliza. "Wewe, Prof. Uliandika ubaoni." "Niliandika juu ya equation, Assistante! Juu ya equation! Mutu akiungua unamuuliza anaona nini?" Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa mtu mwema, na nadhani alijua kwamba yeye naye hakuwahi kutuambia sheria ile inaishia wapi, kwa sababu kule alikotoka hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tukashuka Nyalukemba wote wawili kabla jua halijazama. Tulikusanya vitambaa vyote tukavifungia ndani ya chupa, tukawasaidia kukwangua sakafu ya jiko. Prof akamwambia Maman Feza kwamba taasisi inaomba radhi kwa kuchelewa. "Kuchelewa gani?" akasema yeye. "Mumeniponya!" Akaishika mikono yangu kwa mikono yake, nikausikia mtetemeko ukipita hadi viwikoni mwangu. "Aksanti, mwalimu. Umenisomeshea mutoto muzuri sana." Prof akanitazama, anangoja niseme. Sikusema.

Mikono ile ilitulia, lakini nusu tu. Aliweza tena kushika kikombe, aliweza kusonga bugali, lakini uzi kwenye tundu la sindano hakuuingiza tena. Gauni lile la arusi lilikuwa limeshamaliziwa na mshonaji mwingine, mashine ikaenda kwa mpwa wake. Maman Feza akaanza kukaanga mandazi, na niliambiwa alikuwa anasema kwa mzaha kwamba mandazi hayajali mstari ukipinda. Mapendo alimaliza masomo, akapata kazi ya kufundisha Kamanyola, na kila nilipokutana naye mjini alinisalimia kwa heshima na kupita. Sasa mama yake amekufa, na walisema ni figo. Mimi ni mkemia, najua zebaki inavyozifanya figo. Najua pia kwamba zaidi ya miaka ishirini ni mingi, na hakuna awezaye kuapa. Shaka hiyo sitaki inioshe na kosa.

Nilikwenda kilioni alasiri ileile. Uani walikuwa wametandika hema la plastiki, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, wanazungumza juu ya bei ya unga na barabara. Ndani, chumba cha mbele kilikuwa kimetolewa vyombo vyote, wamama wamekaa chini kwenye mikeka, rozari inazunguka. Nikavua viatu. Mapendo alikaa ukutani kwenye godoro, kati ya shangazi zake wawili, kitenge kichwani, nywele za kando zimeanza mvi. Sikutegemea mvi. Nikapiga magoti mbele yake, na magoti yangu si ya kupiga tena. Nikasema pole, akasema aksanti, nikashusha sauti.

"Siku ya kwanza," nikasema. "Jumamosi ile, jikoni. Nilijua kabla sijakaa chini."

"Najua," akasema Mapendo. "Niliona uso yako."

Rozari ilifika mwisho wa fungu, wamama wakaanza lingine. Nikadhani amemaliza, nikataka kuinuka, akanishika mkono.

"Assistante, na mimi nilijua. Mbele ya Pasaka kufika. Ile kalenda ilikuwa yangu, nilikuwa naiona kila siku. Tonton alikuwa hajarudi, na mimi nimeshajua. Nikawaza, Assistante anajua na ananyamaza, basi haiko haraka. Maman angoje kikundi ifike. Tonton akarudi, akawasha, na mimi nikanyamaza." Alisema bila kulia, macho kwenye mkeka. "Nilikuwa nakaa naye pale jikoni, namuuliza. Maman, unaona nini? Maman, inatetemeka zaidi siku gani? Anajibu, anacheka, anageuza sombe. Siku zote zile, Assistante. Nilikuwa namufundisha maman yangu. Sijaambia mutu, hata bwana yangu. Nilikuuliza siku ile ku korido ili uniambie kama mutu anaweza kujua na anyamaze, na abakie mutu."

Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimedhani kwamba swali lile lilikuwa la kunihukumu mimi. Nilifungua mdomo, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia, hata pale, hata kwenye kilio cha mama yake, kilikuwa swali. Nikalimeza.

"Kosa lilikuwa langu," nikasema. "Wewe ulikuwa mwanafunzi. Uliniangalia mimi, na mimi nilikuwa nimenyamaza. Hukumuua mama yako, Mapendo."

Mmoja wa shangazi aligeuka. Mapendo aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu niingie aliniangalia sawasawa.

"Rudilia," akasema.

Nikayarudia maneno yale, kwa sauti ya darasani, wamama wote wakasikia.